Namna ya Kumsikiliza Roger Miller, Mchekeshaji Mwenye Kalamu Nzito

Watu wengi wanaomfahamu Roger Miller, mwimbaji na mtunzi wa Marekani wa muziki wa kantri (country), wanamfahamu kwa wimbo mmoja tu, “King of the Road” wa mwaka 1965, na wengine hawalijui hata jina lake ingawa wanaweza kuupiga mluzi wimbo huo tangu mwanzo hadi mwisho. Wakianza kumtafuta zaidi hukutana na nyimbo zake za kuchekesha za mwaka 1964, wakacheka mara moja au mbili, kisha wakahamia kwa msanii mwingine wakiamini kwamba wameshammaliza. Mwongozo huu unampa msomaji njia nyingine. Unaanzia mahali ambapo sauti ya Miller haisikiki kabisa, yaani katika nyimbo alizowatungia waimbaji wengine, kwa sababu naamini kwamba mtu akishaujua uwezo wake wa kutunga huzuni, ndipo anapoweza kuupima mzaha wake kwa haki.

Maandalizi yenyewe ni machache. Nyimbo zake nyingi hazifiki dakika tatu, kwa hiyo unaweza kuusikiliza mmoja mara tatu mfululizo bila kupoteza jioni yako. Tafuta mashairi yaliyoandikwa, kwani Kiingereza chake ni cha mashambani Oklahoma, na yeye hupenda kumeza silabi au kuzirefusha kwa makusudi. Tumia vipokea sauti vya masikioni kama unavyo, maana mengi ya kuchekesha yamo katika gitaa na besi, na spika ndogo ya simu huyapoteza. Jambo la mwisho ni kutocheka haraka. Usikilize wimbo mara ya kwanza kama unavyomsikiliza mtu anayekusimulia shida zake, na uulize: huyu ni nani, yuko wapi, na amepungukiwa na nini?

Ujue kwanza alikotoka

Roger Dean Miller alizaliwa tarehe 2 Januari 1936 mjini Fort Worth, Texas, akiwa mtoto wa tatu wa kiume. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja baba yake alifariki kwa homa ya uti wa mgongo. Mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa haujaisha, na mama yao, aliyekuwa bado msichana kwa umri, hakuweza kuwalea watoto watatu peke yake. Ndugu watatu wa marehemu wakaja, kila mmoja akachukua mtoto mmoja. Roger akaangukia kwa Elmer Miller na mkewe Armelia, wakulima wa nje kidogo ya Erick, mji mdogo ulio magharibi mwa Oklahoma, karibu na mpaka wa Texas, ambao ulipitiwa na barabara maarufu ya Route 66. Huko alichuma pamba, akasoma katika shule ya chumba kimoja, na akakua akijua kwamba ndugu zake wa tumbo moja wanaishi kwingine.

Ninasisitiza habari hizi kwa sababu watu wanaohesabu senti, wanaosafiri bila nauli na wanaokosa pa kulala wamejaa katika nyimbo zake, na hakuwaokota vitabuni.

Aliyemfungulia njia ni Sheb Wooley, kijana wa Erick aliyemwoa binamu yake Roger. Wooley alimfundisha kupiga gitaa na akamnunulia fidla yake ya kwanza. Baadaye Wooley mwenyewe alikuwa mwigizaji wa filamu na vipindi vya televisheni, na mwaka 1958 alivuma kwa wimbo wa kuchekesha, “The Purple People Eater”. Kwa hiyo Roger alikuwa na mfano hai, ndani ya ukoo, wa mtu wa kijijini aliyekula kwa muziki na kwa mzaha.

Alipokuwa na miaka 17 aliiba gitaa, kwa kuwa alilitaka mno na hakuwa na fedha. Kesho yake alijisalimisha, na badala ya kwenda jela akachagua kujiunga na jeshi, akapelekwa Korea. Kabla ya kumaliza utumishi wake alipiga fidla katika bendi ya wanajeshi, kisha akaelekea Nashville, jiji ambalo kila mtunzi wa kantri alilitazamia. Alipata nafasi ya kusikilizwa na Chet Atkins wa kampuni ya rekodi ya RCA, naye akaenda bila gitaa. Atkins akamwazima lake. Kijana yule, kwa kihoro cha kuwa mbele ya mpiga gitaa mkubwa kuliko wote mjini, aliimba kwa ufunguo mmoja wa muziki na kupiga kwa mwingine, akaambiwa aende akajinoe zaidi. Ndipo alipochukua kazi ya kubeba mizigo ya wageni katika hoteli ya Andrew Jackson, na akawa akimwimbia kila mwanamuziki aliyepita pale. Minnie Pearl, mchekeshaji mkubwa wa kike wa kantri, alimwajiri kupiga fidla katika bendi yake. Kwa muda mfupi aliondoka Nashville na kuwa askari wa zimamoto mjini Amarillo, Texas. Mwenyewe alikuwa akieleza kwamba katika muda wake wote huko palitokea moto mara mbili tu: mmoja uliunguza banda la kuku, na wa pili ulimkuta amelala, ndipo wakubwa wake wakamshauri atafute kazi nyingine. Huko Amarillo ndiko alikokutana na mwimbaji wa kantri Ray Price, akaingia katika bendi yake, na njia ya kurudi Nashville ikafunguka.

Anza na nyimbo alizowapa wengine

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki hatua hii ni nyepesi kuliko anavyodhani, kwa sababu huenda ameshaipiga bila kujua. Jim Reeves, ambaye sauti yake imekaa miaka mingi katika redio za Kenya na katika sebule za wapenzi wa kantri, aliimba “Billy Bayou” na “Home”, na nyimbo zote mbili zilitungwa na Roger Miller. “Billy Bayou” ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya kantri ya Marekani mwaka 1959, na “Home” ukafuata mwaka huo huo. Zisikilize pamoja. Wa kwanza ni hadithi ya kijana shupavu anayeangushwa na msichana, na kibwagizo chake kinarukaruka kama mchezo wa watoto. Wa pili ni wimbo wa msafiri anayeota nyumbani, wenye huzuni ya kweli isiyo na mzaha wowote. Aliyeziandika alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, aliyekuwa akilipwa dola 50 kwa wiki na Tree Publishing, kampuni iliyokuwa ikimiliki nyimbo zake.

Baada ya hapo sikiliza “Invitation to the Blues” kwa sauti ya Ray Price, na “Half a Mind” kwa sauti ya Ernest Tubb, zote za mwaka 1958. Katika huu wa pili utamwona Miller kamili kabla hajawa maarufu. Mwanamume anataka kumwacha mpenzi wake. Nusu ya akili yake imeshaamua kuondoka, lakini moyo nao umempa nusu tu ya nguvu za kwenda. Ni hesabu ya kuchekesha ukiitazama juu juu, nusu mbili zisizojumlika, lakini Tubb anaiimba kwa sauti nzito ya mtu aliyekwama mlangoni, na hakuna anayecheka. Hapa ndipo pa kutulia. Mbinu ile ile ya kucheza na maneno ambayo miaka sita baadaye ingewachekesha watu wa nchi nzima ilikuwa tayari inafanya kazi ndani ya wimbo wa kuvunjika moyo.

Ongeza “When Two Worlds Collide” wa mwaka 1961, aliotunga pamoja na Bill Anderson na kuuimba mwenyewe, kisha utafute toleo la Jim Reeves. Ongeza pia “Tall, Tall Trees”, aliotunga na George Jones katika miaka ya 1950, wimbo ambao Alan Jackson aliufikisha nafasi ya kwanza mwaka 1995, Miller akiwa ameshafariki. Hapo utakuwa umepata picha ya mtunzi ambaye, hata kama asingeimba ubeti mmoja wa kuchekesha, angekumbukwa Nashville.

Kikao cha Januari 1964

Kufikia mwisho wa mwaka 1963 Miller alikuwa amechoka. Rekodi zake mwenyewe hazikuuza vya kutosha, na alikuwa amepanga kuhamia California ajifunze uigizaji. Alihitaji fedha za safari. Kampuni ya rekodi ya Smash, tawi la Mercury, ikakubali kumlipa dola 100 kwa kila wimbo, na yeye akarekodi nyimbo 16 mjini Nashville chini ya mtayarishaji Jerry Kennedy, akapata dola 1,600. Kwa kuwa aliiona kama kazi ya kuagana, aliimba vichekesho ambavyo mpaka wakati huo alivitumia kuwachangamsha rafiki zake tu. Miongoni mwake zilikuwemo “Dang Me” na “Chug-a-Lug”. “Dang Me” ukakaa nafasi ya kwanza ya chati ya kantri kwa wiki sita, ukafika nafasi ya saba katika chati ya nyimbo zote za Marekani. Katika majira hayo hayo, Julai 1964, Jim Reeves alifariki katika ajali ya ndege karibu na Nashville, na mtunzi aliyemwandikia “Billy Bayou” ndiye aliyekuwa akivuma redioni.

Sasa fungua “Dang Me” na uusikilize polepole. Mara ya kwanza sikiliza sekunde za mwanzo tu: gitaa linapiga kifungu cha haraka, na sauti ya Miller inakifuata noti kwa noti kwa silabi zisizo na maana, kama watoto wawili wanaokimbizana. Alikuwa akifanya hivyo tangu “You Don't Want My Love” wa mwaka 1960. Hakuwa akijaza nafasi: ala na sauti vinatoka pamoja, na hilo haliwezekani bila mazoezi na sikio kali.

Mara ya pili sikiliza habari yenyewe. Mume na baba wa mtoto mwenye umri wa mwezi mmoja yuko ulevini, anatumia fedha ya nyumbani, na anajiambia kwamba anastahili kunyongwa juu ya mti mrefu kuliko yote. Anafika mahali pa kueleza hali yake ya kifedha, na anasema amepungukiwa dola 14 ili afikishe senti 27. Piga hesabu hiyo kwa kalamu. Mtu huyo hana kitu; ana deni la dola 13 na senti 73, na kiwango cha juu cha ndoto yake ni senti 27, fedha isiyotosha hata mlo. Mtunzi wa kawaida angesema “sina hata senti”. Miller ameipa njaa hiyo tarakimu, na tarakimu hizo zinachekesha kwa sababu zimekaa sawasawa kabisa. Ukishaielewa hesabu hiyo umeshika ufunguo wa karibu nyimbo zake zote za kuchekesha: msimulizi yuko taabani, ana maelezo yake mwenyewe ya taabu hiyo, na maelezo yanafuata mantiki mpaka mwisho.

“Do-Wacka-Do” unatumia mbinu nyingine. Msimulizi anamwonea kijicho mtu aliyefanikiwa. Anatamani awe na bahati ya yule mwenzake, na mwenzake naye awe na… ndipo yanapokuja yale maneno ya kipuuzi ya kibwagizo. Upuuzi umesimama mahali pa laana. Msikilizaji ndiye anayejaza.

“Chug-a-Lug” ni hadithi ya mvulana anayeonja pombe za kienyeji mara ya kwanza, na hauhitaji maelezo marefu. Ila “Kansas City Star” wa mwaka 1965 usiupite. Nyota mdogo wa televisheni ya mjini Kansas City ameahidiwa mshahara mkubwa zaidi akihamia Omaha, naye anakataa, kwa kuwa pale alipo anajulikana, na watoto humzunguka kwenye maegesho ya magari ya maduka. Ni wimbo wa kuchekesha juu ya mtu anayejiona mkubwa, lakini Miller hamdhihaki. Kwa maoni yangu huo ndio mstari unaomtenganisha na watungaji wengi wa vichekesho: watu wake hawachekwi kutoka juu.

Wimbo wa barabarani

Kwa kuwa umefika hapa baada ya safari ndefu, “King of the Road” hautasikika tena kama wimbo wa matangazo. Miller alianza kuutunga baada ya kuona, kwenye ukuta wa ghala la shambani alipokuwa safarini, tangazo la nyumba za magurudumu za kuuza au kupangisha. Alikwama katika ubeti wa kwanza, akaumalizia baadaye huko Boise, Idaho, baada ya kununua dukani sanamu ndogo ya mzururaji ili imtie hamu ya kuandika. Wimbo ulirekodiwa Novemba 1964 na ukatoka mwaka uliofuata. Nchini Marekani ulishika nafasi ya kwanza kwenye kantri na ya nne kwa jumla. Nchini Uingereza ulishika nafasi ya kwanza kabisa.

Tega sikio kwa ala kwanza. Mwanzoni pana besi inayotembea na vidole vinavyoalishwa, na karibu hakuna kingine. Nafasi tupu kati ya mapigo ndiyo mwendo wa mtu asiye na haraka wala mzigo. Katikati ufunguo unapanda kidogo, na ghafla yule mtembezi ameinua kichwa.

Kisha fuatilia orodha. Mwanamume huyu hana simu, hana bwawa la kuogelea, hana mnyama wa kufuga, na hana sigara. Chumba cha kulala anakilipia kwa kufagia kwa muda wa saa mbili. Analidandia garimoshi la usiku wa manane kuelekea Bangor, Maine, pembe ya mbali ya kaskazini mashariki mwa Marekani. Anavuta vipande vya sigara kubwa alivyoviokota. Inapofika sehemu ya kujisifu, anataja anavyowajua madereva wa magarimoshi yote na watoto wao kwa majina, na kila mahali panapotolewa msaada katika kila mji. Na kwa sauti ile ile ya upole, bila kubadili hata pumzi, anaongeza kwamba anajua pia kila kufuli lisilofungwa wakati hakuna mtu karibu. Rudia kipande hicho. Orodha imetoka kwenye urafiki ikaingia kwenye wizi mdogo, na muziki haukukonyeza jicho. Miller angeweza kusimamisha bendi pale ili watu wacheke, na wimbo ungekufa. Aliiacha ipite, nawe unaigundua safari ya tatu au ya nne.

Wimbo huo ulimletea sehemu kubwa ya tuzo za Grammy, tuzo kuu za muziki za Marekani, alizopata mwaka 1966. Kwa jumla alizoa tuzo 11 katika miaka miwili, 1965 na 1966, na baadhi yake zilikuwa nje ya kundi la kantri. Mwaka 1965 mwimbaji Jody Miller, asiye ndugu yake, aliutolea jibu kwa jina la “Queen of the House”, ambamo mwenye orodha ya taabu ni mama wa nyumbani. Usikilize mara baada ya wa awali. Mlingano wake ni mzuri, na nao ulipata Grammy.

Usiziruke za huzuni

Baada ya kilele hicho watu wengi huweka nukta. Wewe endelea hadi “Husbands and Wives” wa mwaka 1966, wimbo ambao mimi nauweka juu ya vyote alivyoandika. Ni wa mwendo wa waltz, yaani wa mapigo matatu matatu, na wa maneno machache sana. Unafananisha mioyo miwili iliyovunjika na nyumba zisizokaliwa na mtu, na unasema kwamba kiburi ndicho sababu kuu ya kupungua kwa idadi ya waume na wake. Hebu itazame kauli hiyo ya mwisho: imeandikwa kwa lugha ya ripoti ya takwimu, kana kwamba ofisa wa serikali anatoa taarifa ya mwaka. Katika wimbo wa kuchekesha ingechekesha. Hapa inauma, kwa sababu anayeisoma ripoti hiyo ni mmoja wa waliopungua. Miller mwenyewe alioa mara tatu. Brooks & Dunn waliuimba upya mwaka 1998 ukafika nafasi ya kwanza bila kubadilishwa neno, jambo linaloonyesha jinsi ulivyokuwa umechongwa.

Pamoja nao sikiliza “One Dyin' and a Buryin'” wa mwaka 1965, ambamo mtu anayetaka kufa anazungumza kwa utulivu wa kutisha. Ukiwa katika kipindi kigumu, huu uache kwa siku nyingine.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Kipindi chake katika kituo cha televisheni cha NBC kilianza Septemba 1966 na hakikudumu zaidi ya wiki 13. Vidonge vya kusisimua mwili, vilivyokuwa vimeenea miongoni mwa wanamuziki waliosafiri usiku kucha, vilimdhuru, na hakulificha jambo hilo. Utunzi ukapungua, lakini sikio lake halikupungua: alikuwa wa kwanza kurekodi “Me and Bobby McGee” wa Kris Kristofferson na Fred Foster mwaka 1969, na mwaka mmoja kabla yake aliutambulisha “Little Green Apples” wa Bobby Russell. Mtu anayejua kutunga huitambua kazi nzuri ya mwenzake hata kabla haijavuma.

Jogoo na mto

Kama una watoto nyumbani, hatua hii ifanye nao. Katika filamu ya katuni ya Robin Hood ya Disney, ya mwaka 1973, Miller ni sauti ya jogoo mwenye kinanda cha nyuzi anayesimulia hadithi, na nyimbo tatu za filamu hiyo ni zake. “Oo-De-Lally” ni wa matembezi, na “Whistle-Stop” hauna maneno kamwe. Huo wa pili, ukiwa umeongezwa kasi, ndio uliokuja kusambaa kwenye intaneti mwishoni mwa miaka ya 1990 pamoja na picha za panya wadogo wanaocheza. Wa tatu, “Not in Nottingham”, unaimbwa wakati wanyama maskini wamefungwa jela kwa kushindwa kulipa kodi, na mvua inanyesha. Watoto hunyamaza hapo. Ni yule yule mtu wa “Dang Me”, na safari hii hakuweka mzaha wowote, kwa sababu mahali penyewe hapakuuhitaji.

Kazi kubwa ya mwisho ni “Big River”, tamthilia ya nyimbo iliyotokana na riwaya ya Mark Twain kuhusu Huckleberry Finn. Mtayarishaji Rocco Landesman ndiye aliyemfuata Miller amwombe nyimbo. William Hauptman aliandika maandishi ya mchezo. Ulianzia Cambridge, Massachusetts, mwaka 1984, ukafunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za tamthilia jijini New York, tarehe 25 Aprili 1985, ukachezwa zaidi ya mara 1,000, na ukapata tuzo saba za Tony, ambazo ni za tamthilia, ikiwemo ya mchezo bora wa nyimbo na ile ya utunzi iliyokwenda kwa Miller mwenyewe. Rekodi yake isikilize kwa mpangilio wa hadithi, siyo kwa kurukaruka. Simama kwenye “Guv'ment”, maneno ya hasira ya baba mlevi wa Huck dhidi ya serikali. Utamtambua mara moja: ni ndugu wa yule baba wa “Dang Me”, mwenye mantiki yake kamili ndani ya ulevi wake, ila safari hii ulevi huo unamtesa mtoto aliye mbele yetu jukwaani. Mwigizaji John Goodman alipoiacha nafasi hiyo ya baba, Miller aliishika kwa miezi kadhaa, akaigiza Broadway miaka 20 na zaidi tangu alipotaka dola 1,600 za kwendea kusomea uigizaji. Kisha sikiliza “River in the Rain” na “Worlds Apart”, zinazoimbwa na Huck pamoja na Jim, mtumwa anayetafuta uhuru wake.

Mkewe wa tatu, Mary Arnold, alikuwa mwimbaji wa First Edition, kundi alilokuwemo Kenny Rogers kabla hajawa nyota pekee, na alikuwa naye mpaka mwisho. Roger Miller alifariki kwa saratani tarehe 25 Oktoba 1992 mjini Los Angeles, akiwa na miaka 56, na mwaka 1995 akaingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri mjini Nashville.

Kwa anayetaka kutunga

Ikiwa unatunga kwa Kiswahili na unataka kujifunza kwake, usiige sauti zake za ajabu wala usihamishie garimoshi la Maine kwenye mashairi yako. Mtafute mtu mmoja unayemjua vizuri, mwenye shida ya kweli, utingo, mpangaji aliyechelewa kodi, au kijana aliyerudi kijijini bila fedha aliyoahidi, na umwache ajieleze mwenyewe. Mpe tarakimu kamili, kwa sababu deni la shilingi 4,350 linamwonyesha mtu kuliko “madeni mengi”. Mwache ajitetee kwa hoja ambazo kwake zina akili. Andika beti mbili au tatu, kisha uondoe kila mstari unaomwambia msikilizaji kwamba hapa pa kucheka. Ukimaliza, uimbe polepole kwa sauti ya huzuni. Kama unasimama hata hivyo, basi una wimbo. Kama unaanguka, ulikuwa na kichekesho tu, nacho kitachosha baada ya mara mbili.

Kuhusu rekodi zenyewe, anayetaka albamu moja aanze na “Golden Hits” ya mwaka 1965, na aliyepania atafute mkusanyo wa diski tatu uliotoka mwaka 1995, “King of the Road: The Genius of Roger Miller”, ambao una rekodi zake za awali pamoja na za Smash. Ukipata toleo la wimbo lililotajwa kuwa ni la Smash au Mercury, chagua hilo, maana ndilo lenye wapigaji wa Nashville wa vikao vile vya 1964 na 1965. Nyimbo alizowapa wengine utazipata chini ya majina ya waimbaji wao, kwa hiyo tafuta Jim Reeves, Ernest Tubb, Ray Price na George Jones kila mmoja kwa jina lake, uangalie jina la mtunzi lililoandikwa chini ya kila wimbo.